Mafunzo ya viziwi wasioona yasiishie langoni mwa shule

Kila mwaka mpya wa masomo unapoanza, mimi huingia katika ukumbi wa mihadhara na kuandika ubaoni fasili ambayo wanafunzi wangu wamekwisha kuikariri tangu shule ya upili, kwamba lugha ni mfumo wa sauti za nasibu ambao jamii hutumia kuwasiliana. Kisha huongeza, kama mpishi anayekumbuka chumvi baada ya mchuzi kuiva, kwamba viziwi nao wana lugha kamili za ishara, na kwa hiyo neno "sauti" hapo lisichukuliwe kwa ufinyu. Wanafunzi huandika, nami huendelea na mada inayofuata. Nimefanya hivyo kwa miaka mingi pasi na dhamiri kunisuta.

Mwaka mmoja binti aliyeketi safu ya nyuma aliinua mkono akauliza, "Daktari, na yule asiyesikia wala kuona, lugha yake ni mfumo wa nini?" Nilimjibu kwa maneno mengi yasiyokuwa na jibu ndani yake, ustadi ambao sisi wahadhiri tunao tele. Hata hivyo, swali lake halikuniacha. Ndilo lililonifanya nikubali, likizo ya Agosti iliyofuata, mwaliko wa kuhudhuria mafunzo ya siku 3 ya wazazi wa vijana viziwi wasioona, yaliyofanyiwa katika madarasa ya shule moja ya bweni ambayo wanafunzi wake walikuwa wamekwenda makwao. Nilibeba karatasi ya kuwasomea wazazi hao. Sikuitoa mkobani.

Huko nilimkuta mama mmoja na mwanawe wa kiume wa miaka 14. Kijana huyo alizaliwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili na masikio yasiyopokea sauti, na tangu alipotimiza miaka 8 amekuwa akisomea shule ya bweni mbali na kwao. Mama alinisimulia yaliyowapata likizo ya Aprili. Kijana alifika nyumbani akiwa mzima, lakini siku ya pili akaanza kukunja ngumi, akizileta mbele ya kifua na kujisukasuka nyuma na mbele. Alifanya hivyo hasa baada ya chakula cha mchana. Mama akaona mwanawe anaumwa na kifua. Akampeleka zahanati, akapewa dawa ya kifua, na ilipokwisha akapewa nyingine. Kijana akazidi kukunja ngumi, akawa anavuta nguo za mamake na kuzirudia ngumi zake kwa nguvu zaidi. Ilipofika wiki ya pili akaanza kujiuma mikono. Majirani, ambao hawakosekani, wakasema ni mambo ya kichwa.

Sasa alipokuwa amekaa mafunzoni, baada ya chakula, kijana akazikunja ngumi zake vilevile. Mwalimu mmoja aliyewahi kumfundisha akamwona kutoka upande wa pili wa chumba, akatabasamu. "Anaomba bembea," akasema. Kumbe shuleni kila siku baada ya chakula cha mchana hupelekwa kwenye bembea, na zile ngumi mbili ni mikono iliyoshika kamba.

Mama alinyamaza kitambo. Kisha akaniambia mimi niliyekuwa karibu naye, "Mwalimu, nimemnywesha mtoto dawa mwezi mzima kwa kuwa alitaka kucheza."

Nimeitafakari sentensi hiyo kuliko makala nyingi za majarida ya taaluma yangu. Kijana alikuwa na lugha, tena aliitumia kwa ufasaha na subira, akarudia, akasisitiza, akajaribu kila njia. Nyumba nzima aliyorejea ndiyo iliyokuwa haina lugha hiyo. Shule ilimfundisha yeye, na hakuna aliyemfundisha mamake. Ndiyo maana nashikilia kwamba mafunzo ya kijana kiziwi asiyeona yasiyowafikia wazazi wake, ndugu zake na mwalimu atakayempokea kesho ni mafunzo nusu, na nusu hiyo huanza kuoza likizo ya kwanza.

Kabla sijaendelea, niseme neno kuhusu jina lenyewe, maana mwanaisimu hawezi kupita mbele ya jina bila ya kulichungulia. Katika Kiswahili tumezoea kusema "viziwi wasioona". Jina hilo linaeleweka, ila linaufanya upofu uonekane kama kijalizo kilichobandikwa nyuma ya uziwi, kana kwamba ukimchukua kiziwi ukamfunga kitambaa machoni utakuwa umempata mtu huyu. Waandikao Kiingereza nao walizoea kuyaunganisha maneno mawili kwa kistari, hadi Mwitalia mmoja, Salvatore Lagati wa Trento, alipoanza mwaka 1991 kupigania kistari kiondolewe na neno liandikwe kwa mkupuo mmoja. Waweza kudhani huo ni mzaha wa wasomi. Hebu fikiri basi: mwalimu wa kiziwi humwonyesha, na mwalimu wa asiyeona humweleza. Macho ya huyu hufanya kazi ya masikio, na masikio ya yule hufanya kazi ya macho. Kijana wa bembea amenyimwa kile ambacho kila mmoja wao hukitegemea. Hali yake si jumla ya hali mbili. Ni hali ya tatu, na inadai ufundishaji wa tatu.

Isidhaniwe pia kwamba wote wamo katika giza totoro na kimya kikuu. Wengi wana mabaki ya kuona au ya kusikia. Wako waliozaliwa viziwi, wakakua na Lugha ya Ishara ya Kenya mikononi mwao, kisha katika ujana uwezo wa kuona ukaanza kufifia, kwanza usiku, halafu pembeni, mpaka dunia ikawa kama inayochunguliwa kupitia tundu la ufunguo. Hali hiyo ya kurithi huitwa Usher, kwa jina la daktari wa macho wa Uingereza, Charles Usher, aliyeandika juu ya urithi wake mwaka 1914. Wako walioachwa hivyo na homa ya uti wa mgongo. Na wako waliozaliwa hivyo kwa kuwa mama aliambukizwa rubela katika miezi ya mwanzo ya ujauzito, uhusiano ambao daktari Norman Gregg wa Australia aliubaini mwaka 1941. Hapa Kenya kampeni kubwa ya chanjo ya surua na rubela ilifanywa Mei 2016. Watoto waliotangulia chanjo hiyo ndio vijana tunaowazungumzia leo.

Ni wangapi? Shirikisho la Dunia la Viziwi Wasioona, katika ripoti yake ya mwaka 2018, lilikadiria kwamba wenye hali hii kwa kiwango kizito ni takriban asilimia 0.2 ya watu wote. Tukiyapima makadirio hayo kwa Wakenya milioni 47.6 waliohesabiwa mwaka 2019, tunapata watu wapatao 95,000, sehemu kubwa yao wakiwa wazee. Sensa hiyo iliuliza juu ya kuona kivyake na kusikia kivyake. Aliyekosa vyote viwili aliingia katika safu mbili na hakupata safu yake.

Nirudi kwa swali la yule binti. Kiziwi asiyeona huweka mikono yake juu ya mikono ya anayezungumza naye, akazifuata ishara zinavyoundwa. Mtu aweza kufikiri kwamba hiyo ni Lugha ya Ishara ile ile iliyobadilishiwa mlango wa kuingilia. Sivyo. Katika lugha nyingi za ishara uso ni sehemu ya sarufi: nyusi zikipanda, kauli hugeuka swali, kichwa kikitikiswa, kauli hukanushwa. Mikono haiwezi kuzigusa nyusi na ishara kwa wakati mmoja. Mzungumzaji wa Kiswahili ataielewa hasara hiyo upesi, kwani sisi tukitaka kuuliza "Umekula?" hatubadilishi hata silabi moja ya "Umekula". Tunabadilisha kiimbo tu. Kiondoe kiimbo hicho na mwenzako hatajua kama unampasha habari au unamuuliza, mpaka umtilie "je".

Johanna Mesch, mwanaisimu kiziwi wa Sweden, aliyachunguza mambo haya katika tasnifu yake ya mwaka 1998 juu ya mazungumzo ya viziwi wasioona wa nchi yake: jinsi wanavyopokezana zamu na jinsi wanavyoulizana maswali pasipo uso. Wanaozungumza kwa mguso hushikilia ishara ya mwisho mikononi mwa mwenzao wakingoja jibu, au huongeza ishara ya pekee ya kuuliza. Kwa maneno mengine, wamejitengenezea "je" yao.

Na kuna suala la "enhe". Msimulie mtu hadithi naye asiitikie "enhe" wala "naam". Punde si punde utakatiza usimulizi umuulize kama amelala. Katika mazungumzo ya mguso, "enhe" ni vidole vinavyogonga polepole kwenye goti au mkono wa msimuliaji. Jambo dogo hilo, lakini mtoto ambaye hakuna anayemjibu "enhe" huacha kusimulia. Mjini Seattle, Marekani, kuanzia mwaka 2007, viziwi wasioona wakiongozwa na aj granda na Jelica Nuccio, wao wenyewe wakiwa viziwi wasioona, waliamua kuzungumza ana kwa ana, mwili kwa mwili, badala ya kumngoja mkalimani awe katikati. Mtindo wao huitwa Protactile, na mwaka 2020 wanaisimu Terra Edwards na Diane Brentari walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mtindo huo umejenga fonolojia yake, ambamo mkono na mwili wa msikilizaji nao hushiriki katika kuunda neno. Nimeirekebisha fasili yangu ya ubaoni tangu niliposoma utafiti huo. Binti yule alikuwa amekwisha kufuzu.

Mafunzoni tulifunzwa jambo jingine ambalo halimo katika vitabu vyangu. Sote tulipoambiwa tumwonyeshe mtoto kijiko, tulimshika mkono kwa juu tukaupeleka kwenye kijiko. Mwalimu akatuzuia. Mkono wako uwe chini, akasema, na wa mtoto uje juu, ili aone unachofanya na aweze kuuondoa akitaka. Mikono yake ndiyo macho yake, na hakuna mtu mwenye adabu anayemkamata mwenzake kichwa na kumgeuza atazame. Nikafungwa kitambaa machoni na kuzibwa masikio. Mtu nisiyemjua akanishika kifundo cha mkono akauzamisha mkono wangu katika bakuli la kitu baridi chenye utelezi. Niliruka na kiti. Ilikuwa ndizi iliyopondwa. Wapo vijana walioandikwa katika faili kuwa wakaidi na wakali kwa kuwa walifanya nilivyofanya mimi, nao hawakuwa na hiari ya kukifungua kitambaa baada ya dakika 10.

Mholanzi Jan van Dijk, aliyefanya kazi na watoto viziwi wasioona huko Sint-Michielsgestel, wengi wao wakiwa wahanga wa rubela ya miaka ya 1960, aliuona mzizi wa woga huo. Sisi tunaoona na kusikia hutangaziwa kila jambo kabla halijafika: sufuria hulia, viatu huletwa, mlango hufunguliwa. Mtoto huyu hutwaliwa ghafla akajikuta majini, kisha kitini, kisha garini. Van Dijk na wenziwe walianza kwa kutembea na mtoto, wakifanya pamoja naye, kisha wakampa vitu vya kushika vinavyowakilisha matukio, vikapangwa katika visanduku kwa utaratibu wa siku. Kijiko ni chakula. Kipande cha taulo ni kuoga. Kipande cha kamba ni bembea. Mtoto hupapasa kisanduku asubuhi akaijua siku yake, na jambo likimalizika hukitia kitu chake katika kapu la mambo yaliyopita. Hapo ndipo "jana" na "kesho" zinapoanza kuwa na maana kwake.

Shule ya kijana wetu ilikuwa na kisanduku kama hicho, chenye kipande cha kamba ndani yake. Aprili yote kilikaa kabatini, na kabati lilifungwa kwa kufuli. Kisanduku chenyewe ni katoni ya sabuni iliyokatwa. Kingeingia katika mkoba wa mtoto pamoja na nguo zake.

Hapa mwalimu msomaji atanikumbusha Helen Keller. Sote tunaikumbuka pampu ya maji kule Tuscumbia, Alabama, tarehe 5 Aprili 1887, na neno lililoandikwa kiganjani maji yakitiririka. Kisa hicho kimetupotosha kidogo. Kimetufanya tuamini kwamba kinachohitajika ni mwalimu mmoja shujaa na siku moja ya muujiza. Tunasahau kwamba Anne Sullivan, aliyefika kwa akina Keller tarehe 3 Machi 1887, alikuwa mwandani wa Helen hadi alipofariki Oktoba 1936. Ni miaka 49. Tunasahau pia kwamba Sullivan hakuibuka na alfabeti ya vidole kutoka hewani. Aliipata katika shule ya Perkins, ambako alizungumza na Laura Bridgman, kiziwi asiyeona aliyepokewa huko na Samuel Gridley Howe mwaka 1837, nusu karne kabla ya pampu ya Tuscumbia. Lugha ile ilipita mkono hata mkono, na mmoja wa mikono hiyo ulikuwa wa kiziwi asiyeona.

Kuna atakayesema kwamba Sullivan mwenyewe alimtenga Helen na wazazi wake, wakakaa wawili peke yao katika nyumba ndogo. Ni kweli. Nyumba hiyo lakini ilikuwa katika shamba la wazazi hao hao, na baada ya takriban wiki mbili walirejea kwenye meza ya familia. Haikuwa safari ya kutwa nzima kwa basi, mara tatu kwa mwaka.

Nasi je? Mwalimu wa hesabu akihamishwa, hesabu hubaki shuleni. Mwalimu wa kiziwi asiyeona akihamishwa, huondoka na sehemu ya msamiati wa mtoto, kwa kuwa ishara nyingi za mtoto wa namna hii zimezaliwa baina ya watu wawili na hazijaandikwa popote. Yule mwalimu aliyeitambua bembea hakuwa tena katika shule ya kijana. Alikuwa amehamishwa mwaka uliotangulia, na alikuja mafunzoni kwa nauli yake. Laiti asingekuja, mama angerejea nyumbani na dawa nyingine. Sidai kwamba walimu hawa wafungwe mahali pamoja hadi wastaafu, kwani nao wana ndoa na watoto na wazazi wazee. Nadai barua ya uhamisho isimfikie mwalimu Ijumaa akatakiwa kuripoti Jumatatu. Anayepokea akae na anayeondoka muhula mzima, mikono yake ikijifunza. Kila mtoto awe na daftari la ishara zake, na siku hizi ambapo kila mwalimu ana simu yenye kamera, hata daftari hilo laweza kuwa picha za video za dakika chache, zikatumwa kwa mama siku hiyo hiyo.

Nisije nikaeleweka kwamba nyumbani ni ujinga mtupu na shuleni ndiko kwenye nuru. Mzazi mwingine mafunzoni, bibi aliyemlea mjukuu wake wa kike, alitueleza kwamba kwao kila mtu ana jina la mguso. Yeye bibi ni bangili, babu ni ndevu, mjomba ni kovu la kidole gumba. Mtoto akitaka kujua aliyeingia, huitafuta bangili. Walimu wa shule yake waliokuwapo wakatazamana. Kwa miaka miwili walikuwa wakimkanya msichana huyo kwa tabia ya kuwapapasa wanawake vifundo vya mikono, wakishuku kwamba anataka kuwavua saa na vikuku vyao. Alikuwa akimwulizia bibi yake. Kwa hiyo ninaposema wazazi wafunzwe, nasema vilevile walimu wakae chini ya wazazi, wasikilize, waandike.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mafunzo mengi ya wazazi niliyoyahudhuria tangu hapo ni ya siku moja. Kuna hotuba ya ufunguzi, chai, mada inayosomwa kutoka ukutani, chakula, picha ya pamoja na bahasha ya nauli. Watoto wenyewe hawaletwi, kwa kuwa wanaelezwa kuwa watasumbua. Hebu tuwaze mafunzo ya kuogelea yasiyokuwa na maji. Katika zile siku 3 za Agosti watoto walikuwapo, na ndugu zao walikuwapo, na aliyejifunza upesi kutushinda sote alikuwa dadake yule kijana, mwenye miaka 9. Kufikia jioni ya pili alikuwa akimgonga kakake gotini "enhe, enhe" huku wenyewe wakicheka, kwa jambo ambalo hatukulijua wala halikutuhusu. Akina baba, katika wazazi 17, walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa dereva wa gari lililotuleta. Sina la kuongeza hapo.

Kuna upande mwingine ambao wapangaji wa mafunzo huusahau, nao ni vijana kwa vijana. Wanafunzi wangu wa isimu hukipenda kisa cha Nicaragua, ambako watoto viziwi walipokusanywa shuleni mjini Managua kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, kila mmoja na ishara zake za nyumbani, lugha mpya ya ishara ilichipuka kati yao bila ya mwalimu kuifundisha. Kijana kiziwi asiyeona ambaye mtu wake wa pekee wa kuzungumza naye ni mwalimu ana lugha ya watu wawili, na lugha ya watu wawili haina utani, haina siri, haina ugomvi wa kweli. Wakutanishwe. Wapande sukuma pamoja, walishe kuku, wakande unga wa chapati, wasuke mikeka, waingie majini, wabembee. Mambo haya huitwa shughuli katika ratiba za shule, kana kwamba ni ya kujaza mchana baada ya masomo. Ukweli ni kwamba neno "unga" halina pa kuingilia kwa kijana huyu isipokuwa kupitia unga wenyewe, na akiisha kuukanda ana jambo la kumweleza mwenzake. Na miongoni mwa wakufunzi wawepo viziwi wasioona watu wazima, ili kijana apate kugusa mkono wa mtu mwenye kazi, mke au mume, na fimbo yake yenye milia myeupe na myekundu, ajue kwamba baada ya utoto kuna kitu.

Hatuanzi patupu. Kabarnet kuna shule ya umma ya viziwi wasioona, na shule nyingine kadhaa zina vitengo vyao. KISE, taasisi ya elimu maalumu iliyoanzishwa mwaka 1986, hufunza walimu. Mtaala wa umilisi una mkondo wa hatua kwa wanafunzi wasioweza kufuata madarasa ya kawaida, unaofikia mafunzo ya kazi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze Lugha ya Ishara ya Kenya, Breli na njia nyinginezo za mawasiliano kwa watu wenye ulemavu, na kifungu cha 54 kinampa kila mwenye ulemavu haki ya kuzitumia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unawataja viziwi wasioona kwa jina lao katika kifungu cha 24 kuhusu elimu. Sheria hizi zote zinamzungumzia mwanafunzi. Mama yuko wapi ndani yake? Haki ya kuitumia lugha ina maana gani kwa mtoto ambaye nyumbani hakuna hata mmoja anayeijua?

Nitaambiwa kwamba fedha hazipo. Najua, nimekuwa katika vikao vingi ambamo hazikuwapo. Lakini nilipoulizia gharama za zile siku 3, sehemu kubwa ilikuwa nauli na chakula. Madarasa yalikuwa matupu. Mabweni yalikuwa matupu, magodoro yamekunjwa juu ya vitanda. Bembea ilikuwa pale pale uani, kamba zake zikiwa imara. Kila Agosti shule hizi hufungwa, na kila Agosti watoto hawa hupelekwa makwao siku ya kwanza ya likizo na kurejeshwa siku ya mwisho. Wiki ya kwanza ya likizo hiyo ingeweza kuwa ya mama, baba, dada na kaka, walale katika mabweni hayo, wale chakula cha jikoni la shule, na kila mmoja arudi na kisanduku cha katoni na daftari. Na idara za isimu za vyuo vikuu, yangu ikiwamo, zingeweza kutuma wanafunzi wao wa mwaka wa tatu wawe waandishi wa madaftari hayo, badala ya kuwaacha wahesabu viambishi vya lugha ambazo zimekwisha kuhesabiwa.

Yule mama alipokuwa akiondoka siku ya tatu aliniuliza mafunzo mengine yatakuwa lini. Nilimpelekea mwandalizi swali hilo, naye akasema hajui. Juma lililofuata mama akanipigia simu: baba wa kijana amefunga kamba kwenye mwembe, na tairi la pikipiki chini yake, na sasa kuna ishara nyingine mpya, vidole viwili vinavyosuguana shavuni. Alitaka kujua ni nini. Sikujua, na kwa kuwa likizo ilikuwa haijaisha, shuleni hapakuwa na mtu wa kumuuliza.